Kujiandaa kwa Mtihani wa UCAT: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuuza Shamba

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi kuhusu masomo ya udaktari nje ya nchi



Hakuna kijiji katika kaunti hii kisichokuwa na mtoto anayesema kwamba akikua atakuwa daktari. Akipata alama nzuri, jamaa hukusanyika, harambee huitishwa, na pengine kipande cha shamba hutafutiwa mnunuzi. Siku hizi kuna neno linalotajwa katika vikao hivyo ambalo wazee wengi hawakulisikia zamani: UCAT. Kuna familia zilizoambiwa kwamba bila mtihani huo hakuna kusomea udaktari popote. Kuna nyingine zilizoambiwa kwamba wakala fulani akilipwa vizuri, mtoto atapita bila shida. Yote mawili si kweli, na kuyaamini kunaweza kuigharimu familia akiba ya miaka mingi.

Hotuba hii inaeleza nani anauhitaji mtihani huu, unapima nini, mwanafunzi ajiandae vipi, na familia ijikinge vipi isipoteze pesa.

Nani anauhitaji, nani hauhitaji

Mwanafunzi anayetaka kusomea udaktari katika chuo kikuu cha umma hapa Kenya hahitaji UCAT. Nafasi hugawanywa na KUCCPS kwa kutazama alama za KCSE, hasa katika masomo yanayohitajika kwa kozi hiyo, yakiwemo Biolojia na Kemia. Kwa kijana huyo, maandalizi ni vitabu vyake vya kidato cha tatu na cha nne. Vyuo vya kibinafsi vinaweza kuwa na masharti yao, na mzazi anayevitazamia aulize katika afisi ya usajili ya chuo chenyewe.

UCAT ni mtihani wa kuombea nafasi ya kusomea udaktari au udaktari wa meno nchini Uingereza. Ulianza mwaka 2006 ukiitwa UKCAT, na mwaka 2019 ukapewa jina la sasa. Zamani baadhi ya vyuo vya huko vilitumia mtihani mwingine ulioitwa BMAT, lakini huo ulifanywa kwa mara ya mwisho Oktoba 2023. Vyuo vingi vya Australia na New Zealand navyo hutumia toleo la UCAT. Marekani ina utaratibu tofauti: huko mwanafunzi humaliza kwanza digrii ya kwanza, kisha hufanya mtihani wa MCAT.

Kuna jambo jingine ambalo mawakala hawapendi kulitaja mapema. Vyuo vya tiba vya Uingereza kwa kawaida havimchukui mwanafunzi moja kwa moja kutoka KCSE. Huomba masomo ya ngazi ya A, au stashahada ya IB, au mwaka wa matayarisho unaotambuliwa na chuo husika. Somo la Kemia huombwa karibu kila mahali, na Biolojia mara nyingi. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha nne anayeuziwa kozi ya UCAT leo anauziwa kitu ambacho huenda asikitumie kwa miaka miwili ijayo. Matokeo ya UCAT nayo hayawekwi akiba. Hutumika kwa maombi ya mwaka ule ule tu.

Nafasi zenyewe ni chache. Nchini England, wanafunzi kutoka nje wamewekewa kikomo cha takriban asilimia 7.5 ya nafasi za udaktari. Karo yao hufika makumi ya maelfu ya pauni kila mwaka, na kozi huchukua miaka mitano au sita. Haya hayasemwi ili kumvunja mtu moyo. Yanasemwa ili familia ifanye hesabu ikiwa mezani, kabla ya kuishia benki.

Mtihani unapima nini

UCAT hauulizi habari za figo wala mfumo wa damu. Hauulizi kilichofundishwa darasani. Unapima jinsi mtu anavyofikiri akiwa na muda mchache. Hufanywa kwa kompyuta, kwa Kiingereza, na huchukua karibu saa mbili. Tangu mwaka 2025 una sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni ya kusoma na kuelewa. Kuna maswali 44 kwa dakika 22, yaani nusu dakika kwa kila swali. Mtahiniwa hupewa kifungu, kisha huulizwa kama kauli fulani ni kweli, si kweli, au haiwezi kujulikana. Kwa mfano, kifungu kinasema: "Zahanati ilipokea wagonjwa wengi zaidi mwezi wa Aprili kuliko Machi. Mvua ilianza mwanzoni mwa Aprili." Kauli ni hii: "Mvua ndiyo iliyoongeza wagonjwa." Wengi watajibu kwamba ni kweli, kwa sababu wanajua mvua huleta mbu na mbu huleta malaria. Jibu sahihi ni kwamba haiwezi kujulikana. Kifungu hakikusema mvua ndiyo sababu. Mtahiniwa anapaswa kujibu kwa yaliyoandikwa, si kwa yale anayoyajua kutoka nyumbani.

Sehemu ya pili ni ya kufanya uamuzi, maswali 35 kwa dakika 37. Humo mna mafumbo ya mantiki, michoro ya makundi, uwezekano, na kupima hoja ipi ina nguvu. Mfano: "Wauguzi wote wa zamu ya usiku wamechanjwa. Baadhi ya waliochanjwa ni wanawake." Je, ni lazima baadhi ya wauguzi wa usiku wawe wanawake? Hapana. Huenda wanawake waliochanjwa wote wanafanya zamu ya mchana. Kuchora duara mbili tatu kwenye kibao cha kuandikia huonyesha jibu haraka kuliko kuwaza kichwani.

Sehemu ya tatu ni ya hesabu, maswali 36 kwa dakika 26, yaani sekunde 43 hivi kwa kila swali. Hesabu zenyewe hazizidi za shule ya upili: asilimia, uwiano, wastani, mwendo, na kusoma majedwali. Mfano: mtoto ana kilo 12, dawa hutolewa miligramu 15 kwa kila kilo, chupa ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Mtoto apewe mililita ngapi? Kilo 12 mara 15 ni miligramu 180. Hiyo ni 120 mara moja na nusu, kwa hiyo ni mililita 5 mara moja na nusu, yaani 7.5. (Mfano huu ni wa hesabu tu. Mgonjwa wa nyumbani apewe dawa kwa maelekezo ya mhudumu wa afya.) Kompyuta ina kikokotoo chake cha kawaida, lakini kukibonyeza kwa kila hatua hula muda. Aliyezoea kukadiria kichwani hufika mbali zaidi.

Sehemu ya nne ni ya maadili na mwenendo kazini, maswali 69 kwa dakika 26. Hapa mtahiniwa huelezwa tukio, kisha huulizwa kama hatua fulani inafaa au haifai, au kama jambo fulani ni la muhimu. Hii ndiyo sehemu ambayo wanafunzi wengi huidharau, na ndiyo inayostahili maelezo marefu zaidi.

Chukua mfano huu. Mwanafunzi wa udaktari yuko hospitalini kwa mafunzo. Jirani wa nyumbani kwao amelazwa. Jioni, shemeji wa mgonjwa anampigia simu: "Mwanangu, wewe uko huko ndani. Tuambie, mgonjwa wetu ana nini hasa?" Katika malezi ya kwetu, kumnyima mtu mzima jibu la namna hiyo huonekana kama kiburi. Ugonjwa ni wa ukoo mzima. Ukoo ndio unaochanga pesa na ukoo ndio unaopika uji. Lakini kwa kanuni za kazi ya udaktari, habari za mgonjwa ni zake. Hazitolewi bila ridhaa yake, hata kwa jamaa anayeuliza kwa nia njema. Jibu linalofaa ni kumwitikia shemeji kwa heshima, kumweleza kwamba habari hizo haziwezi kutolewa na mwanafunzi, na kumshauri azungumze na mgonjwa mwenyewe.

Mfano mwingine: mwanafunzi anaona mwenzake amefika wodini akinuka pombe. Kunyamaza ili kulinda urafiki hakufai. Kumtangaza mbele ya wagonjwa nako hakufai. Linalofaa ni kuhakikisha kwamba hamgusi mgonjwa yeyote wakati huo, na kumwarifu msimamizi. Nguzo za sehemu hii ni chache na zinafahamika: usalama wa mgonjwa kwanza, ukweli, kutunza siri, kujua mipaka ya uwezo wako, na kuomba msaada mapema. Baraza la madaktari la Uingereza, GMC, limechapisha mwongozo wa utendaji mwema wa daktari kwenye tovuti yake, na hausomwi kwa malipo. Kijana anayeusoma kwa makini wiki moja atakuwa amejiandaa vyema kuliko anayekariri majibu.

Alama hutolewa vipi? Kila moja ya sehemu tatu za kwanza hupewa alama kati ya 300 na 900, na jumla ni kati ya 900 na 2700. Sehemu ya maadili hupewa daraja, kuanzia la 1 ambalo ni la juu hadi la 4. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Maana yake ni moja: hakuna swali linalofaa kuachwa wazi.

Maandalizi ya wiki sita

Mtihani huu haukaririwi, lakini mtu huuzoea. Wiki sita za kazi ya kila siku, saa moja hadi mbili, zinatosha kwa mwanafunzi mwenye msingi mzuri wa Kiingereza na hesabu.

Wiki ya kwanza ni ya kufahamu aina za maswali bila kutazama saa. Wiki ya pili hadi ya nne ni ya kufanya sehemu moja moja kwa muda uliopangwa. Kila siku mwanafunzi aandike makosa yake kwenye daftari katika safu tatu: makosa ya kutoelewa swali, makosa ya hesabu, na makosa ya kukosa muda. Baada ya siku kumi daftari hilo litamwonyesha tatizo lake liko wapi. Kuna anayedhani ni dhaifu katika hesabu, kumbe anapoteza muda kwa kung'ang'ania swali moja. Wiki mbili za mwisho ni za kufanya mitihani mizima kwenye kompyuta, kwa saa ile ile aliyopangiwa kufanya mtihani wenyewe.

Mitihani ya mazoezi inapatikana bila malipo kwenye tovuti rasmi ya UCAT. Hiyo ndiyo ianze. Vitabu vya kununua vije baadaye, na mnunuzi atazame mwaka wa kuchapishwa. Hadi 2024 mtihani ulikuwa na sehemu ya tano ya maumbo na michoro, na jumla ya alama ilifika 3600. Sehemu hiyo iliondolewa mwaka 2025. Kitabu chenye sura ya maumbo, au kinachofundisha BMAT, kimepitwa na wakati hata kama jalada lake linang'aa.

Kusoma haraka kwa Kiingereza hakuji kwa wiki sita pekee. Mwanafunzi anayeanza mapema asome makala moja ya gazeti kila siku, hasa tahariri na habari za uchumi na sayansi, kisha aandike kwa sentensi moja mwandishi alidai nini na hakudai nini.

Mazoea ya kompyuta nayo ni muhimu. Mwanafunzi ambaye shule yake ina kompyuta chache anaweza kuwa hodari kwa kalamu na bado akachelewa kwa kipanya na kibodi. Walimu wakuu wanaombwa kuwafungulia watahiniwa hawa maabara ya kompyuta jioni au wikendi. Maktaba za umma zenye intaneti nazo zitumiwe.

Kwa wazazi kuna ombi moja dogo. Kijana anayejiandaa apewe saa moja ya utulivu kila siku. Msichana anayetoka shuleni akaenda kuchota maji, akapika, akawaogesha wadogo zake, kisha akafungua kitabu saa nne usiku, hashindani kwa usawa na mwenzake aliyeanza kusoma saa kumi na mbili jioni. Kaka zake wana mikono pia.

Usajili na siku ya mtihani

Usajili hufanywa na mwanafunzi mwenyewe kwenye tovuti ya UCAT. Kwa kawaida mtihani hufanywa kati ya Julai na mwisho wa Septemba, na mtu huruhusiwa kuufanya mara moja tu katika kipindi hicho. Maombi ya vyuo hupitia UCAS, na siku ya mwisho kwa udaktari ni tarehe 15 Oktoba. Mwombaji huruhusiwa kuchagua vyuo vinne vya udaktari.

Mwaka 2025 ada kwa wanaofanyia mtihani nje ya Uingereza ilikuwa pauni 115, takriban shilingi 20,000 za Kenya. Mtihani hufanyiwa katika vituo vya Pearson VUE, na Nairobi ni mojawapo ya miji yenye vituo hivyo. Nafasi hujaa, kwa hiyo asingoje wiki ya mwisho. Anayetoka mbali asafiri siku moja kabla na alale kwa jamaa. Asipande basi la usiku akaingia chumba cha mtihani akiwa hajalala.

Jambo linalowakwamisha wengi ni majina. Jina la usajili lazima lilingane na la kitambulisho kitakachoonyeshwa mlangoni, na kwa safari hii pasipoti ndiyo ya kutegemewa. Ikiwa cheti kina majina matatu na pasipoti ina mawili, au herufi zinatofautiana, hayo yasawazishwe miezi kadhaa mapema. Ombi la pasipoti huanzia eCitizen, na huchukua muda.

Mwanafunzi mwenye ulemavu, au mwenye hali inayomfanya asome polepole, anaweza kuomba muda wa ziada. Ombi hilo huhitaji barua na huidhinishwa kabla ya kuweka nafasi ya mtihani. Siku ya mtihani ikifika na mtahiniwa akawa mgonjwa, asijikaze. Anayeketi na kufanya mtihani huhesabiwa kuwa amekubali kwamba yu mzima. Ni heri kuomba siku nyingine, na ombi hilo lifanywe mapema iwezekanavyo.

Ndani ya chumba, swali likigoma, achague jibu analolidhania, aliwekee alama, na asonge mbele. Sekunde kumi za mwisho za kila sehemu ziwe za kuhakikisha hakuna swali lililo wazi. Matokeo hupatikana muda mfupi baada ya mtihani, na vyuo hupelekewa na UCAT moja kwa moja. Hakuna haja ya mtu wa kuyapeleka.

Kujikinga na walaghai

Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Mtu anayesema ana njia ya kupata maswali kabla, anadanganya: maswali hutolewa na kompyuta kutoka hazina kubwa. Anayejitolea kumfanyia mtoto mtihani anamwingiza katika udanganyifu unaoweza kumfungia mlango wa udaktari maisha yake yote, kwa sababu kazi yenyewe imejengwa juu ya uaminifu. Anayeahidi nafasi chuoni kwa UCAT pekee anaficha kwamba bado kuna alama za masomo, barua ya mwalimu na mahojiano. Na anayetaka karo ilipwe kwenye akaunti yake binafsi au kwa namba yake ya simu asilipwe hata shilingi moja.

Kabla ya kulipa karo ya chuo chochote cha nje, familia iulize KMPDC, baraza linalosajili madaktari hapa Kenya, kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa. Daktari aliyesomea nje akirudi hufanya mtihani wa baraza kabla ya kuanza mafunzo ya kazi hospitalini. Aliyesomea chuo kisichotambuliwa anaweza kurudi na shahada ukutani na asiruhusiwe kutibu hata mafua. Mzazi anayetegemea basari naye aulize kwa maandishi kama inalipia masomo ya ng'ambo. Asidhani tu.

Mwisho

Kwa wengi wa vijana wa kaunti hii, njia ya udaktari itapita hapa nyumbani, kupitia KCSE na KUCCPS. Wapo pia watakaohudumu kama maafisa wa kliniki na wauguzi, baada ya kusomea KMTC au vyuo vingine. Mama anayejifungua usiku katika zahanati ya mbali humhitaji aliye hapo karibu naye, na mara nyingi huyo ni muuguzi au afisa wa kliniki.

Kwa wale wachache wenye uwezo na nia ya kwenda Uingereza, UCAT ni mlango mmoja kati ya kadhaa. Haufunguliwi kwa hongo wala kwa shamba. Hufunguliwa kwa mazoezi ya bure yanayofanywa kila siku, kwa majina yaliyonyooka kwenye pasipoti, na kwa familia iliyouliza maswali kabla ya kutoa pesa. Haraka haraka haina baraka.